Jina limejaa mtaani, nimpe mwanangu? Angalia yote matatu kwanza

Mkuu, nirudie swali lako kwa kifupi ili wanaokuja nyuma wasipotee: mnatarajia binti, mama mtu anataka aitwe Neema, wifi yake anapinga, anasema Neema wamejaa kila kona, "ukiita stendi wanageuka kumi". Wewe ni John, mzee wako ni Joseph. Unauliza kama mtafute jina lingine.

Neema lenyewe halina kosa. Kinachonipa wasiwasi ni hao John na Joseph wanaomfuata nyuma. Nazungumza kama mtu ambaye kazi yake ni kujaza rejista za wanafunzi na kutafuta nani ni nani majina yanapogongana, kwa hiyo nitakaa kwenye makaratasi. Maana za majina nawaachia wengine.

Hapa kwetu Tanzania mtoto hatembei na jina moja. Cheti cha kuzaliwa, usajili wa shule, fomu ya kitambulisho cha taifa (NIDA), pasipoti, kote huko anatambulika kwa jina la kwanza, la kati na la mwisho. Shida inaanza pale yote matatu yanapokuwa ya watu wengi. Neema Lusajo Mwaipopo hapati mwenzake kirahisi hata kama darasa lina Neema wanne. Neema John Joseph atampata, pengine shule hiyo hiyo. Siku hiyo mwalimu ataandika "Neema John I" na "Neema John II", halafu alama za hisabati za mmoja zitaingia kwa mwingine kwa sababu aliyekuwa anazijaza alisoma majina mawili ya mwanzo akaruka kilichofuata. Kosa hili ni la kawaida sana, na linagundulika pale tu mzazi anapokuja na ripoti mkononi anauliza mwanaye amefelije somo analolipenda.

Kwa hiyo kabla ya kumgusa Neema, amueni jina la tatu. Wengi wanaandika la babu kwa mazoea, wengine la ukoo. Kisheria huna tatizo kwa lolote. Kwa utambulisho, la ukoo linashinda karibu kila mara kama majina ya baba na babu ni ya dini au ya siku: John, Joseph, Peter, Juma, Hamisi, Ally. Ila mkishaamua, uamuzi huo uwe kwa watoto wote. Ndugu wa tumbo moja, mmoja Joseph na mwingine Mushi (tuseme ndio ukoo wenu) kwenye jina la mwisho, watakuja kuombwa uthibitisho wa undugu kwenye mirathi au wakiombeana viza, na hapo kila mmoja atahitaji kiapo. Halafu cheti cha mtoto kifuate kitambulisho cha baba. Kama NIDA yako inasoma John Joseph Mushi, mtoto ni Neema John Mushi. Kama kwenye NIDA huna jina la ukoo, unaweza kuliweka kwa mtoto, ila weka na nakala ya cheti chako au kiapo kinachoonyesha kwamba Mushi ni ukoo wenu, maana swali hilo litakuja.

Kuna mtego mmoja watu hawauoni mpaka uwapate: kurithisha jina la babu. Babu ni Juma. Wanawe wawili, Hamisi na Salum, kila mmoja anampa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la mzee. Tunapata Juma Hamisi Juma na Juma Salum Juma. Popote panapotumika jina la kwanza na la mwisho tu, kama kwenye tiketi nyingi za ndege, wote wawili ni Juma Juma. Sasa huyu Juma Hamisi Juma akikua, naye akamrithisha mwanaye jina la baba yake, mtoto anakuwa Hamisi Juma Hamisi. Na kama ukoo umekuwa ukipokezana hivyo tangu zamani, babu wa huyo mtoto naye ni Hamisi Juma Hamisi, herufi kwa herufi. Shamba limeandikwa kwa jina la nani hapo? Watu wa baraza la ardhi wanayajua haya. Mkitaka kumuenzi babu, muenzini kwa jina la kwanza lakini jina la mwisho liwe la ukoo. Mlolongo unakatika hapo.

Kuhusu kupima kama jina "limejaa", usiwaulize watu wazima. Mtoto hatasoma na shangazi zake, atasoma na waliozaliwa mwaka mmoja kabla yake na mmoja baada yake, eneo lenu hilo hilo. Fanya hivi: pita chekechea mbili za jirani, mwombe mwalimu akutajie majina ya kwanza ya darasa la chini kabisa. Nenda kliniki siku ya kupima uzito, sikiliza yanayoitwa. Halafu hesabu ndani ya familia: binamu, watoto wa majirani wa ukuta mmoja, Sunday school au madrasa. Jina likijitokeza mara mbili katika watoto thelathini, hilo ni la kawaida, ishi nalo. Likitokea mara nne au tano, jiandae binti yako kuitwa kwa jina la baba mpaka amalize shule ya msingi. Ndani ya familia kipimo changu ni kikali zaidi: binamu mmoja wa rika lake mwenye jina hilo hilo anatosha kunifanya nisite, kwa sababu hao watakuwa na ukoo mmoja pia.

Orodha za waliochaguliwa kidato cha kwanza zinazotoka kila mwaka zinasaidia kwa jambo lingine. Watoto wale walizaliwa miaka mingi nyuma, kwa hiyo usizitumie kupima jina la kwanza. Lakini fungua ya halmashauri yako, utaona haraka majina gani ya mwisho yamerundikana kwenu.

Ukifanya zoezi hili utashangaa. Majina ambayo wazee wanayaona yamezeeka, kina Mwajuma, Tatu, Mwanahamisi, mjini unaweza kupita madarasa kadhaa usilipate hata moja. Yanayojaza chekechea ni yale mzazi anayoamini kayagundua mwenyewe: Ethan, Jayden, Precious, Ilham, Aiman. Jina la mkumbo linapanda kwa kasi na linakusanya watoto wa miaka mitatu minne pamoja. Neema ni la siku zote, limesambaa kwa rika zote, kwa hiyo darasani haliumi kama watu wanavyodhani. Majina ya kalenda ndiyo hayakwepi: waliozaliwa mwezi wa Ramadhani wakaitwa Ramadhani wanaingia darasa la kwanza pamoja. Na Kulwa na Doto kila pacha wa Usukumani na Unyamwezini anakuja nayo, hapo jina la baba ndilo linabeba mzigo wote.

Wenzetu wanaotoa takwimu za majina wanaonyesha kitu kizuri. Marekani mwaka 1947 jina Linda peke yake lilichukua zaidi ya asilimia 5 ya wasichana waliozaliwa. Mwaka 2023 lililoongoza kwa wasichana, Olivia, halikufika hata asilimia 1. Yaani "la kwanza kwenye orodha" siku hizi halina uzito wa zamani. Uingereza na Wales mwaka huo huo wa 2023 kwa wavulana liliongoza Muhammad, na hapo wamehesabu tahajia hiyo tu. Mohammed na Mohammad yamehesabiwa kando na bado yamo kwenye 100 bora. Ukisoma orodha ya namna hiyo, jumlisha tahajia zote mwenyewe, kwa sababu darasani wote wataitika.

Na tahajia ndipo watu wanapoharibu kabisa. Mzazi anaona jina limejaa, anatafuta ujanja: Neemah, Nyma, Barakah, Jasmyne. Nakuomba usifanye. Masikioni bado ni Neema, darasani bado wako watatu, hujapunguza kitu. Ulichoongeza ni nafasi ya kukosewa. Muuguzi anaandika alivyosikia, karani wa shule anaandika alivyozoea, na mtoto anaishia na Neemah kwenye cheti cha kuzaliwa na Neema kwenye cheti cha kidato cha nne. Watu wawili kufanana jina kunamalizwa na namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo Neema John Joseph wawili wa tarehe tofauti wanajitenga pale pale. Lakini mtu mmoja kuwa na herufi tofauti kwenye karatasi zake hakuna namba inayomtetea, kila ofisi itamwona kama watu wawili. Jina linalosajiliwa kwa ajili ya mtihani ndilo linalochapwa kwenye cheti. Baadaye anaomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, pamoja na namba ya mtihani wa kidato cha nne, majina yanapishana herufi moja, ndio kijana anaanza kutafuta wakili wakati dirisha linakaribia kufungwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, jina la pili la nyumbani ("Neema Nsia John Joseph") libaki nyumbani au lichukue nafasi ya kwanza peke yake. Majina manne kwenye fomu ya nafasi tatu maana yake kila karani atakata moja, na hawakati linalofanana.

Siku ya kuandikisha, fanya haya. Andika majina matatu kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpe muuguzi, usiyataje kwa mdomo. Tangazo la kizazi, ile karatasi mnayopewa hospitali, lisome kabla hamjatoka wodini, hasa jina la baba: Joseph, Josephu na Yosefu ni watu watatu tofauti kwa macho ya ofisi. Sheria inatoa siku 90 za kusajili kizazi, usizimalize. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kwenye mikoa yenye mpango huo, cheti kinatolewa bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata na kinaandikwa kwa mkono, kwa hiyo mwangalie anayeandika na ukisome kabla hajakifunga kitabu. Hapo kosa linarekebishwa kwa dakika. Likishatoka mlangoni ni kiapo na foleni, na kubadili jina kabisa ni hati inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Zanzibar wana wakala wao wa matukio ya kijamii, si RITA.

Mambo madogo: ukituma pesa kwa simu, jina linalotokea kabla hujathibitisha halikulindi sana kama mpokeaji ni Juma Hamisi, kwa hiyo kwa mwenye jina la watu wengi hakiki namba. Na kama familia inategemea kwenda Marekani, ujue wizara yao ya usalama wa ndani ina utaratibu wa kumpa namba maalumu msafiri anayesumbuliwa kwa kufananishwa jina na mtu mwingine. Wenye majina ya Kiislamu yaliyosambaa sana wanaufahamu.

Kwako wewe mkuu: mpeni Neema, liandikwe N-E-E-M-A, la tatu liwe la ukoo. Kama ukoo wenu nao ni wa kina Mushi au Massawe na mnaishi Moshi, hapo ndipo nitamuunga mkono wifi, tafuteni jina la kwanza ambalo chekechea za hapo halipo. Leta jina la ukoo na wilaya tuliangalie.