Mnara wa tenki umegeuka nukta

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nachora ramani za kazi za vyuma hapa Tanga. Kwenye AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, nimejenga modeli ya mnara wa kubebea tenki la maji: kimo mita 6, nguzo nne za engo (chuma cha umbo la L) na breisi za mshazari za kuukaza. Kwenye kioo unapendeza. Shida inaanza kwenye karatasi. Nikiprinti, mistari ya mbele na ya nyuma inatoka yote kwa pamoja, na fundi wa kuchomelea anasema nimempelekea utando wa buibui. Tena nikichagua skeli ya 1:50 kwenye orodha, mnara unatoweka, inabaki nukta. Nimechora kwa mita. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo nukta, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe bila kujua: umechora kwa mita.

Orodha ya skeli haijui mita wala inchi, inahesabu namba tu. Mnara wako kwake una kimo cha 6, na karatasi inapimwa kwa milimita. Sita gawa kwa 50 ni 0.12. Mnara wa milimita 0.12 nani atauona? Ulichokuwa unakitaka ni 6,000 gawa kwa 50, yaani milimita 120. Basi kwenye leiauti, yaani ukurasa wa kuprintia, bofya mara mbili ndani ya dirisha (viewport) linaloonyesha mnara, andika ZOOM, kisha 20XP. Hiyo 20 ni milimita 1,000 za mita moja gawa kwa 50. Ukitaka 1:100 utaandika 10XP. Ukichoka kukumbuka, fungua SCALELISTEDIT, ongeza skeli yako: karatasi 20, mchoro 1, ipe jina “1:50 mita”.

Halafu toka ndani ya dirisha, chagua fremu yake, bonyeza Ctrl+1 ifunguke orodha ya sifa zake, na pale kwenye Display Locked weka Yes. Usipofunga, siku moja utazungusha gurudumu la kipanya bila kuwaza na skeli itahama. Wewe hutagundua. Atakayegundua ni fundi, akiwa ameshakata chuma.

Sasa utando wa buibui. Kwenye hiyohiyo Ctrl+1 tafuta Shade plot, ubadilishe As Displayed iwe Hidden. Kioo kinaweza kuendelea kuonyesha mistari yote, usishtuke, tazama Preview. Kila dirisha lina mpangilio wake, kwa hiyo rudia kwa yote.

Ila kwa kazi ya karakana mimi siishii hapo. Hidden inafuta kabisa mistari ya nyuma, na fundi mara nyingine anataka kuiona kwa vidoti, ajue breisi ya upande wa pili inashuka wapi. Kama programu yako ni ya 2012 au baada ya hapo, tumia VIEWBASE, amri ya kutoa michoro bapa kutoka kwenye modeli: unaweka elevesheni (mwonekano wa wima) ya mbele, unavuta pembeni upate ya ubavuni, unavuta chini upate pleni (mwonekano wa kutoka juu). Ukibadilisha modeli, michoro inajirekebisha. Modeli iwe ya solidi (umbo lililojaa) au safesi (ngozi ya juu tu), meshi (wavu wa vipande bapa) haitaki. Kabla ya kuanza angalia VIEWSTD kama imewekwa mfumo wa pembe ya kwanza, ule wa pleni kukaa chini ya elevesheni. Ikiwa pembe ya tatu, pleni itahitaji kukaa juu, na fundi aliyezoea ule wa kwanza atasoma kulia kuwa kushoto.

Picha ya mshazari ya mnara mzima iweke kwenye kona, uandike “bila skeli”. Na PERSPECTIVE iwe 0 kwenye madirisha ya kupimwa, maana picha yenye kina cha macho haina skeli ya kupimika.

Nikwambie na langu. Zamani nilichora ukingo wa ngazi kwenye A1, skeli 1:50, nguzo za milimita 900. Steshenari wakaniprintia kwenye A3 kwa kubana ili ienee, nami nikalipa nikaondoka. Pande za A3 ni nusu ya pande za A1, kwa hiyo 1:50 ilikuwa imegeuka 1:100, lakini maandishi yalibaki yaleyale. Fundi hakusoma vipimo, alishika rula akazidisha kwa 50. Nguzo zikaja za milimita 450, ukingo wa kufika magotini. Vyuma nilinunua upya kwa pesa yangu.

Tangu hapo, kwenye kona ya kila karatasi nachora mstari wa milimita 100, upande wa karatasi, si ndani ya dirisha. Pale kaunta natoa rula mkobani, naupima mstari huo. Wewe nawe fanya hivyo. Ukitoka 97, warudishie karatasi zao kabla hujalipa.