Binti anataka kuangalia filamu ya msichana anayejinyima chakula

Dada yangu, umeuliza kama umruhusu binti yako wa miaka 15 aangalie filamu ya msichana anayejinyima chakula, maana siku hizi naye anasukumasukuma chakula kwenye sahani na kusema ameshiba. Kwa sasa, usimwache aiangalie peke yake.

Filamu nyingi za aina hii hupenda mifupa: kamera inatambaa juu ya uti wa mgongo, mizani inasomwa, mbinu za kuficha chakula zinaonyeshwa moja baada ya nyingine. Wewe unaona onyo. Mtoto ambaye tayari anaumwa anaona somo, hata mashindano. Filamu ya To the Bone ya mwaka 2017 ililalamikiwa hivyo, na mwigizaji wake mkuu, Lily Collins, ambaye aliwahi kuugua ugonjwa huu wa kujinyima chakula ujanani, alipunguza uzito ili aigize. Hilo linanisikitisha mpaka leo.

Tena filamu hizi mara nyingi zinawasahau wavulana, wenye miili minene, na wanaokula kupita kiasi kisha wakajitapisha. Kwa macho huwajui. Na kupona si kukumbatiwa dakika ya mwisho. Ni miezi, mara nyingi miaka, ya kula mlo kwa mlo huku mtu amekaa kando yako.

Usiseme lolote kuhusu mwili wake, hata kumsifu. Mwambie, "Naona kula kumekuwa kugumu kwako, nina wasiwasi," kisha nyamaza umsikilize. Wiki hii mpeleke kwa daktari, hata kama hajakonda. Akizimia au moyo ukimwenda mbio, usingoje kesho.