Jibu la msomaji: Tumaini lipo, ila sababu tusimbunie mtu

Swali lenu la wiki hii ni kama Mkristo anaweza kuona maana na tumaini ndani ya mateso, na kama ndio, anaonaje. Mi nasema ndio, kwa moyo wote, ila sio kwa ile njia tuliyozoea kuambizana ya kwamba kila jambo lina sababu, vumilia tu utaiona.

Wapo wanaoiona hapahapa duniani. Yusufu aliiona, akawaambia ndugu zake nyinyi mlinikusudia mabaya lakini Mungu alikusudia mema, ila tuangalie hayo kayasema lini, aliuzwa akiwa kijana wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao ana miaka 30, na maneno yale ya Mwanzo 50 yanakuja baadae sana baba yao keshazikwa, tena anayasema mwenyewe juu ya maisha yake mwenyewe. Hakuna aliyemwinamia pale shimoni ndugu zake walipomtupa kabla ya kumuuza akamwambia usilie mdogo wangu, hili lina makusudi.

Ayubu ndo kabisa. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno maana waliona maumivu yake ni makubwa mno, na hapo walifanya vizuri sana, shida ilianza walipofungua midomo kumwelezea kwa nini anateseka. Kitabu kina sura 42, Mungu anaanza kumjibu sura ya 38, na hata hapo hamwelezi yale yaliyotokea mbinguni sura ya 1 na ya 2, Shetani alivyoruhusiwa kumjaribu, sisi wasomaji tunayajua ila Ayubu haambiwi. Halafu mwisho Mungu anawakasirikia wale waliomtetea Yeye, anasema Ayubu ndiye aliyenena sawa, huyuhuyu Ayubu aliyelaani siku aliyozaliwa!

Hili nimelishuhudia kwa mama yangu, figo zilipogoma akawa anasafishwa damu kwa mashine. Watu walikuja wengi kumwombea na nawashukuru, lakini mmoja, kwa upendo kabisa, akamwambia mama jichunguze, labda kuna dhambi hujaitubu. Mama akaitikia amina, alipoondoka akageukia ukutani. Sasa kulikuwa na mama mwingine tunasali naye, yeye akija anakaa pembeni ya kitanda anamkata kucha za miguu, maana miguu ilikuwa imevimba mama hawezi tena kuinama, anakata polepole kidole kwa kidole hasemi kitu, akimaliza anampaka mafuta wanasali Baba Yetu anaondoka. Mama alikuwa anamngojea huyo, akaniambia huyu akiwepo naweza kusali.

Na lile la dhambi Yesu alishalijibu, Yohana 9, wanafunzi wanauliza aliyekosa ni huyu kipofu au wazazi wake, akasema si huyu wala wazazi wake. Kwenye Luka 13 pia, wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wenzao. Sijui kwa nini tunaendelea.

Kwahiyo maana naionea wapi? Naionea kwa Kristo mwenyewe kwamba hakukaa mbali na mateso. Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, msalabani akalia kwa maneno ya Zaburi ya 22, Mungu wangu mbona umeniacha. Kama Mwana wa Mungu alilia hivyo basi kilio changu sio upungufu wa imani, unamlilia mtu kwa sababu unaamini anasikia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inaishia gizani, haina hata mstari wa shangwe mwishoni, na bado imo kwenye Biblia na watu wa Mungu wanaisali mpaka leo. Hata ule mstari wa Warumi 8:28 tunaopenda kuwatumia wafiwa kwenye simu, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, hebu soma mistari ya juu yake, uumbaji unaugua, sisi tunaugua, Roho naye anatuombea kwa kuugua, ndo Paulo anafika kwenye mema.

Niseme na hili haraka, mateso yanayoweza kuzuilika yazuiwe, mtu anayepigwa nyumbani asiambiwe huo ni msalaba wake, atolewe pale, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Mama hakupona. Tumaini langu ni ufufuo wa mwili, kama tunavyokiri kila tunaposali Kanuni ya Imani, na Yesu alipofufuka alikuwa bado na alama za misumari akamwonyesha Tomaso, yani yale mateso hayakufutwa kama vile hayakuwahi kutokea, na wala hayakumshinda. Kwa hilo naweza kulia na kutumaini siku hiyohiyo moja.

Na kwa anayesoma hapa hana hata nguvu ya kuomba, ndugu yangu usijilazimishe, tafuta watu wawili watatu unaowaamini uwaambie ukweli wakuombee wao. Yule aliyepooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne wakabomoa dari wakamshusha, na imani ambayo Yesu aliiona pale imeandikwa ni imani yao.