Selotepu muirudishe stoo

Wadogo zangu mlioingia maktaba juzi, kila kundi jipya likija, selotepu huisha. Basi tuzungumze.

1. Selotepu. Ukurasa umechanika, msomaji amenuna mbele ya kaunta, unakata kipande, unabandika, umeshakuwa fundi. Tuliowatangulia tulifanya hayo hayo, tena kwa majivuno, na vitabu tulivyoviua viko rafuni mpaka leo vikitushitaki kwa michirizi ya kahawia. Gundi ya selotepu haitulii juu ya karatasi, inazama. Ingali mbichi huvuja ubavuni na kuushikanisha ukurasa wa 40 na wa 41. Miaka ikipita inageuka manjano, halafu kahawia. Mwisho plastiki inakauka na kudondoka yenyewe. Doa linabaki na mpasuko uko palepale. Ukiibandua kabla ya hapo, inaondoka na herufi. Tulikuta ugonjwa mmoja, tukaacha miwili.

Badala ya selotepu, pika uji wa kubandikia. Wanga wa ngano (wanga, si unga) kijiko kimoja, maji vijiko vinne au vitano, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha kama nusu saa mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Upoe, uuchuje. Kwenye friji hukaa siku chache tu. Ukinuka, mwaga, usiuonee huruma. Karatasi nyembamba ya Kijapani usiikate kwa mkasi: chora mstari wa maji kwa brashi, kisha ichane hapo, nyuzi zibaki ukingoni, maana nyuzi ndizo zinazoshika. Upana wa milimita 10 unatosha. Paka uji kidogo, kwani maji mengi huikunja karatasi, laza juu ya mpasuko, funika kwa kitambaa kisichoganda, juu yake karatasi ya kunyonya maji, weka uzito, uende nyumbani. Ukikosea, unyevu kidogo unakibandua kiraka. Selotepu haina msamaha huo.

Gundi nyeupe ya chupa ni ya mgongo wa kitabu. Iishie huko.

2. Kutoa kitabu rafuni. Usikivute kwa kidole kichwani pa mgongo, hapo ndipo panapong'oka. Sukuma majirani wake wawili ndani, ukishike kiunoni. Kama majirani hawasukumiki, rafu imejaa kupita kiasi, na hilo nalo ni kosa lenu.

3. Desimali, zile namba za Dewey mgongoni mwa kitabu zinazopanga vitabu rafuni kwa mada. Jamani. Baada ya nukta tunasoma tarakimu mojamoja, ndiyo maana 331.12 inatangulia 331.2. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, anayeisoma "mia tatu tisini na mbili" ataipeleka nyuma ya 896.4, na hapo kitabu kimepotea kuliko kilichoibwa, kwa sababu katalogi inaapa kipo.

4. Kilicholowa: kuvu huweza kuanza ndani ya saa 48. Kama huwezi kukikausha leo, kifunge kwenye mfuko, kiingie friza. Vya karatasi ya kung'aa vitangulie, kurasa zake zikikauka zimebanana hazifunguki tena.

5. Kuna mwenzenu haishi kuuliza tunahangaikia nini na karatasi wakati nakala za kielektroniki zipo. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziwekea maktaba kikomo cha mikopo 26 kwa kila nakala ya kielektroniki. Baada ya hapo, leseni mpya. Kitabu chenye kiraka cha uji hakihesabu mikopo. Biblia za Gutenberg, zilizochapwa Mainz, Ujerumani, miaka ya 1450, nyingi kwa karatasi ya matambara, zinafunguka na kusomeka hadi leo.

Ila si kila karatasi ni ya matambara. Vitabu vya rojo la mti, vyenye asidi, vilivyokwisha kuwa kahawia na kunuka vumbi, msivipakie uji kwa pupa. Kunja kona moja ya ukurasa mbele na nyuma. Ikikatika kwa mikunjo miwili mitatu, kiraka kitaurarua ukurasa pembeni yake: kipigeni skani, kisha kiingie boksi lisilo na asidi.