Magadi makavu au maji ya magadi?

SWALI: Ninafundisha historia sekondari. Kitabu kimoja kinasema Wamisri wa kale waliloweka maiti katika maji ya magadi kwa siku 70, kingine kinasema waliifukia katika magadi makavu. Kipi ni sahihi, na kwa nini walijisumbua kiasi hicho?

JIBU: Ni magadi makavu. Yalichimbwa hasa Wadi el-Natrun, kaskazini-magharibi mwa Cairo, na ni ya jamii moja na yale ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi: mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu pamoja na chumvi ya kawaida. Yakiwa makavu hufyonza maji mwilini, hushambulia mafuta, na ukali wake huwazuia bakteria wanaoozesha nyama. Ukiyayeyusha katika maji unapoteza faida ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa. Mkemia Alfred Lucas alilipima jambo hili kwa mizoga ya ndege, na mwaka 1994 Bob Brier na Ronn Wade, huko Maryland, Marekani, waliufunika mwili wa mtu aliyeutoa kwa ajili ya sayansi kwa magadi makavu, nao ukakauka vizuri kwa siku 35.

Hoja ya kuloweka haikuzuka bure. Katika kaburi la Malkia Hetepheres, mama yake farao Khufu aliyejenga Piramidi Kuu, lililogunduliwa Giza mwaka 1925, sanduku la alabasta lilikutwa na viungo vya ndani vikiwa bado katika maji ya magadi. Lakini hivyo ni viungo vilivyotengwa, si mwili mzima.

Kuhusu siku 70, Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, ndiye aliyeandika kwamba zote ziliishia katika magadi. Kumbukumbu za Wamisri wenyewe zinaonyesha kuwa huo ulikuwa muda wa shughuli yote, tangu kifo hadi maziko, ikiwemo kupaka mafuta na utomvu na kuviringisha sanda za kitani. Wanafunzi wako wanaweza kulinganisha na Mwanzo 50:3, ambapo Yakobo anatiwa dawa kwa siku 40 na kuliliwa kwa siku 70.

Walijisumbua kwa sababu, kwa imani yao, mauti hayakuuondolea mwili kazi. Ba, sehemu ya mtu iliyochorwa kama ndege mwenye kichwa cha binadamu, ilitoka kaburini mchana na kurejea usiku, hivyo ilihitaji mwili unaotambulika. Ka, yaani nguvu ya uhai ya mtu, nayo ilihitaji vyakula vya sadaka. Ndiyo maana maini, mapafu, tumbo na utumbo vilikaushwa kando na kuhifadhiwa, ilhali ubongo, ambao hawakuuthamini, ulitolewa puani na kutupwa. Moyo kwa kawaida uliachwa kifuani, kwa kuwa ndio uliobeba akili na kumbukumbu, na ndio ambao ungepimwa mbele ya Osiris, mungu wa wafu, dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki; ukizidi uzito, zimwi Ammit aliumeza, na marehemu hakuwa na maisha mengine tena.