Hewa Iliyonaswa Kando ya Jicho: Maswali Yenu

Daktari, mume wangu alipigwa usoni na foromali walipokuwa wakitweka tanga. Jioni alipopenga kamasi, kope ilifura ghafla hadi jicho likafunga. Je, ni damu? (Shela, Lamu)

Dada yangu, kwa uvimbe uliotokea papo hapo baada ya kupenga, nashuku hewa zaidi kuliko damu. Baina ya jicho na pua pana kiambaza cha mfupa chembamba mfano wa karatasi, na nyuma yake mna vyumba vya hewa vinavyoungana na pua. Pigo likikitia ufa kiambaza hicho, mtu huweza kushinda mchana kutwa bila dalili kubwa, kisha anapopenga kwa nguvu hewa husukumwa ufani na kuingia katika nyama laini zinazolizunguka jicho. Iguse kope taratibu kwa ncha ya kidole: ukihisi vijipovu vikichakarika chini ya ngozi, ndiyo hewa yenyewe. Usiikande. Asipenge tena, na akipiga chafya aachie kinywa wazi. Apelekwe hospitali apimwe uwezo wa kuona na apigwe picha ya CT. Mara nyingi mwili huifyonza hewa hiyo wenyewe katika wiki moja au mbili.

Jirani ashauri tuichanje kope hewa itoke. (Langoni, Lamu)

Nawasihi msifanye hivyo. Daktari huitoa hewa kwa sindano pale tu inapolibana jicho na mshipa wa fahamu unaopeleka nuru ubongoni. Kuona kukififia, maumivu yakizidi, au jicho likitokeza nje na kuwa gumu, tafuteni boti hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa saa chache zaweza kumpotezea mtu nuru ya jicho hilo.

Mimi ni mpiga mbizi. Nirudi lini baharini? (Malindi)

Si kabla ya daktari kuthibitisha kuwa hewa imekwisha na mfupa umeshika, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Hewa iliyonaswa hutanuka unapopanda kutoka kilindini, na hutanuka vilevile ndani ya ndege.

Fundi wa magurudumu alipulizwa jichoni na mpira wa kompresa. Hakuvunjika mfupa, mbona amefura? (Malindi)

Hewa yenye shinikizo kubwa hupenya hata mchaniko mdogo wa utando mwangavu unaofunika weupe wa jicho. Naye apimwe leo, kwani jicho lenyewe huenda limejeruhiwa.