Kabla ya bahari, ulizia umeme: kukaa msimu mzima kwenye gari-nyumba Hispania

Mtu akiniuliza kuhusu kupitisha majira ya baridi Hispania kwenye gari-nyumba, swali la kwanza karibu kila mara ni kambi ya magari hayo iko mbali kiasi gani na bahari. Januari hutaogelea, labda uwe Mholanzi. Yatakayokupa raha au karaha miezi hiyo ni jua, umeme na choo, na hayo ndiyo ya kuulizia kabla hujatuma pesa ya kushika nafasi.

Sisi tunaishi Ujerumani ya kaskazini. Mume wangu amestaafu, na baridi ikianza kuuma tunateremka hadi Costa Blanca, pwani ya mashariki ya Hispania, upande wa mji wa Benidorm. Mchana wa Januari huko hufika nyuzi 17 hivi, lakini usiku hushuka hadi sita au saba, na kuta za gari ni nyembamba. Kwa hiyo kiwanja, yaani nafasi ya kuegesha gari kambini, chenye mti mkubwa usiokauka majani, kile kinachogombaniwa Agosti, Januari ni hasara tupu. Jua la majira hayo hupita chini, na kivuli cha jengo la mabafu au cha gari la jirani huweza kukulalia tangu mapema alasiri. Uliza ofisini kiwanja kinaelekea wapi. Mimi nataka mlango utazame kusini, nikae barazani na kikombe changu bila koti.

Kwenye umeme, jibu la “upo” halitoshi. Uliza ni amperi ngapi. Amperi 6 kwa volti 230 ni wati 1,380 tu, na birika la kawaida la umeme hula 2,000 au zaidi. Ukiliwasha, swichi ya kwenye nguzo inajizima, na kama kisanduku chake kinafungwa kwa ufunguo, utamsaka fundi wa kambi huku chai ikisubiri. Amperi 10 zinakupa wati 2,300: ama hita ama birika, si vyote viwili. Ukipita kambini asubuhi utasikia wanandoa wa kila taifa wakigombana kwa jambo hilo hilo kupitia madirishani. Nunua birika dogo la wati 1,000. Linachelewa, lakini ukiwa huko una haraka gani? Ekstensheni nayo ikunjue yote hata kama plagi iko jirani. Ikibaki imeviringishwa huku hita inavuta, hupata moto hadi kuyeyuka. Na anayekaa mwezi au zaidi mara nyingi hulipia umeme kwa mita, mbali na kodi ya kiwanja, kwa hiyo siku ya kuingia piga picha mita.

Habari ya gesi ni fupi. Mtungi wa kijivu wa kilo 11 wa Ujerumani hautabadilishiwa Hispania. Kule kuna mitungi ya rangi ya machungwa yenye kilo 12.5 za butani, na inataka regulata yake. Butani inafaa pwani, ila ukipanda milimani kwenye baridi ya sifuri haitoki vizuri. Huko ni propani.

Sasa choo, ambacho watu huona haya kukiulizia. Tangi la choo cha gari hubeba lita 18 hivi, na watu wawili hulijaza kwa siku mbili tatu. Likijaa si jepesi, kwa hiyo umbali kutoka kiwanjani hadi mahali pa kumwagia una maana kuliko umbali wa ufukweni. Tumieni vyoo vya kambi mchana, cha gari kiwe cha usiku. Mwageni pale palipoandikwa tu, si kwenye vyoo vya kawaida wala kwenye mfereji wa maji ya kuogea. Bomba la kusuuzia tangi lisiguse kamwe ndoo ya maji ya kunywa. Nimewaona watu waliovaa nadhifu wakifanya hivyo, nikanyamaza mara ya kwanza. Siku hizi nasema.

Kuhusu majirani, mwenye kukulia kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja hana la kujifunza: karo moja la vyombo, kamba za nguo, na kila mtu anajua nani amegombana na nani. Tofauti ni kwamba hawa wana saa zao. Kambi nyingi hufunga geti kwa magari mchana, kwa kawaida kati ya saa nane na saa kumi, na ukigonga nyundo wakati huo utatazamwa. Samaki kaanga nje, upande ambao upepo haupeleki moshi kwa jirani. Hata pilau usipikie ndani, maana mvuke hulowesha madirisha na baada ya wiki chache kuna ukungu nyuma ya magodoro. Muhogo na ndizi za kupika utavipata kwenye maduka ya watu wa Amerika ya Kusini. Unga wa sembe beba mwenyewe. Wa kwao uliokwisha kupikwa hautoi ugali, hutoa kitu kingine.

Makaratasi sasa. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kukaa nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizoungana kwa viza moja, siku 90 ndani ya kila siku 180, na zikizidi umevunja sheria hata kama kodi ya kiwanja umelipa. Hata Mjerumani akipitisha miezi mitatu anatakiwa kujiandikisha. Ndugu zetu wa Uingereza wenye pasi ya Kenya au Tanzania wanahitaji viza ya Schengen, kibali cha Uingereza hakitoshi. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya, ile iliyo mgongoni mwa kadi ya bima ya afya ya Ujerumani, ichungulie tarehe. Chungulia na ya ukaguzi wa gari pia, kwa sababu ule wa Ujerumani haufanyiki Hispania.

Ukiweza, nenda kwanza wiki moja tu katikati ya Januari, ukae kiwanja chochote watakachokupa, utembee kambi nzima saa kumi jioni uone jua linafika wapi. Viwanja vizuri vina wenyewe, wazee wanaorudi palepale kila mwaka na kulipia kabla hawajaondoka. Ukisikia mmoja wao anauza gari, usingoje kufika nyumbani. Nenda ofisini siku hiyo hiyo.